Gauni Lililokuwa Likikua

Mama mmoja, fundi cherehani, alimshonea bintiye gauni la maua ya njano, akaliacha na pindo nene la kutosha miaka. Binti mwenyewe alikuwa mfupi hata wakamwita Kifungo. Kila mara gauni lilipopanda juu ya magoti, mama alingoja mtoto alale mchana, akafumua pindo kidogo, akashona upya. Kifungo akiamka, analivaa na kujitazama.

"Mama, gauni limekua."

"Si linakula na wewe?"

Basi Kifungo akawa analitilia uji kidogo mfukoni, lisije likabaki nyuma. Mama aliufua mfuko ule bila kunung'unika, anacheka peke yake.

Sasa meno ya mbele ya Kifungo yalikuwa yameng'oka na kuota mengine. Uji wa mfukoni ulikoma, hakuna aliyejua lini. Asubuhi moja, mtoto akiwa shuleni, mama alifumua mkunjo wa mwisho. Pindo likabaki jembamba, halina cha kutoa tena. Alijua siku hii itakuja, ila alitaka ichelewe. Hakuwa tayari kubaki na gauni ambalo ni kitambaa tu.

Kifungo aliporudi alikaa chini ya meza ya kukatia, gauni mapajani. Kidole chake kikapita kwenye mistari ya chini: mmoja umepauka, unaofuata haujapauka sana, wa mwisho bado unang'aa.

"Mama, kama linakua, mbona maua hayakui?"

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Na hapa kuna matundu ya sindano. Hapa tena. Huku jua halikufika, palikuwa pamekunjwa ndani."

"Umejua leo?"

"Zamani. Tangu nilipoacha uji."

"Mwaka jana si ulisema limekua?"

"Nilisema kwa ajili yako. Ulikuwa umesimama mlangoni, unaningoja niseme."

Mama akainama, akajifanya anatafuta bobini ya uzi iliyokuwa mkononi mwake.

Mdogo wake Kifungo, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa akivuta vipande vya vitambaa sakafuni. Kifungo akampima gauni lile. Likamfunika hadi vidoleni, na sehemu iliyobaki ikaburuta.

"Likunje, mama. Pindo nene. Akilala mchana nitakuwa nafumua mimi."

"Na akilimwagia uji?"

"Mwache. Mfuko nitafua mimi."