Kamba Haizungushwi Mkononi

Kamba ya farasi haizungushwi mkononi. Hilo litangulie, ili mwenye haraka akiishia hapa awe amepata la kumfaa. Aliyebaki asikilize habari ya mama mmoja, fundi cherehani, na bintiye wa pekee.

Binti alifanya kazi kwenye mabanda ya farasi nje ya mji: kuzoa samadi, kupiga brashi, kubeba maji. Siku alipopata nafasi kwenye mafunzo ya mwalimu mgeni, bibi mfupi aliyefundisha farasi kwa taratibu za zamani, bila kiboko wala makelele, alifurahi mpaka akasahau kula. Mama yake naye hakula, ila yake ilikuwa hofu.

"Mnyama mzito kuliko kabati, na wewe mkono kama uzi."

"Farasi hashikwi kwa nguvu, mama."

"Hata kwa mume utasema hivyo hivyo, kisha nije nikuokote."

Siku ya kwanza mama alifunika cherehani, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya uzio, mwavuli magotini. Binti alipewa farasi wa kijivu waliyemwita Mheshimiwa, kwa kuwa kila mtu alikuwa wa kumngoja yeye. Hakuna aliyepanda. Walitembea tu mchangani, farasi akiongozwa kwa kamba ya kichwani. Farasi akigoma, mwanafunzi anakaza kamba kidogo, kama anayejaribu uzi kwenye sindano, kisha anatulia. Farasi akisogeza mguu, kamba inalegezwa papo hapo.

"Kukaza hakumfundishi," mwalimu alisema. "Kinachomfundisha ni kulegeza. Ukichelewa kulegeza, anajua kwamba hata akitii hapati kitu."

"Kutwa nzima, na hajafika hata getini," mama alimwambia msafisha mabanda aliyekuwa kando yake.

"Wenye haraka walishapigwa mateke, shangazi. Ndiyo maana huwaoni hapa."

Jingine mwalimu alilirudia kila alipopita: kamba inayobaki ikunjwe, mkunjo juu ya mkunjo, ilale kiganjani kama kitambaa. Isizungushwe. Farasi akishtuka, fungua vidole, mwache aende. "Farasi tutamfuata. Kidole hakifuatwi."

Mama alishika neno moja tu: fungua. Mtoto aachie, mnyama ageuke, amkanyage? Yeye alikua akiteka maji kisimani, kamba ya ndoo kaizungusha kiganjani, na ndoo haikuwahi kumponyoka. Hakujiuliza kama ndoo huwa inashtuka.

Asubuhi ya pili, binti akivaa viatu mlangoni, mama alimwambia, "Leo kamba uizungushe."

"Mwalimu amekataza."

"Ukiumia, mwalimu atapata mwanafunzi mwingine. Mimi mwingine nitampata wapi?"

Binti akamaliza kuvaa viatu, akatoka. Alipofika uwanjani alikunja kamba kama alivyofundishwa. Mama kwenye benchi akainua mkono, akauzungusha hewani. Binti akajifanya hakuona. Mama akauzungusha tena, kwa macho yale ya nyumbani. Binti akachungulia mwalimu alipo, akaizungusha. Ndivyo watoto watiifu wanavyoumia.

Jua likapanda. Mama akasimama aone vizuri, akabonyeza mwavuli. Ukafunguka kwa kishindo. Mheshimiwa akaruka nyuma, kamba ikakaza, mizunguko ikabana, na binti akavutwa mpaka akapiga magoti mchangani.

Farasi mwingine angekimbia naye. Huyu, kamba ilipomkaza kichwani, alikumbuka alichofundishwa jana. Alisimama, masikio yakimcheza, kisha akaja hatua mbele, na kamba ikalegea yenyewe.

Mwalimu alifika akitembea, hakukimbia, akaifungua mizunguko mmoja baada ya mwingine. Kidole cha kati kilikuwa kimegeukia upande.

"Nani alikwambia uzungushe?"

"Nilisahau tu."

Mama, mwavuli ungali wazi, akamsikia mwanawe akimbebea mzigo wake. "Hakusahau," alisema. "Nilimwashiria mimi. Na mwavuli ni wangu."

"Basi ufunge, mama mtu," mwalimu alisema. "Polepole. Kisha tumpeleke kwa daktari."

Kidole kilikuwa kimevunjika. Njiani kurudi nyumbani mama alisema mambo ya farasi yameisha, na binti akamwacha amalize.

"Mama, wanafunzi tulikuwa wawili, mimi na farasi. Aliyesikia somo ni nani?"

Siku ya mwisho ya mafunzo mama mwenyewe alifunika cherehani, wakaenda pamoja, na kwa kuwa mkono wa binti ulikuwa kwenye bandeji, kamba akaishika mama. Viatu vya dukani vikazama mchangani. Msafisha mabanda akauliza kama suti ya Mheshimiwa itakuwa tayari lini. Farasi akagoma. Mama akakaza, akangoja, na bila kujua vidole vyake vikaanza kuisokota kamba.

"Vidole, mama," binti alisema pembeni yake.

Mama akavinyoosha vyote, kama anayeonyesha kwamba hakuficha kitu. Kamba ikabaki mikunjo kiganjani. Akakaza tena kidogo. Mheshimiwa akamtazama, akasogeza mguu mmoja, na mama akalegeza.

Binti anafundisha farasi siku hizi. Kidole hakikunyooka vizuri. Glavu za dukani hazimkai, kwa hiyo mama humshonea, na ya mkono wa kulia huikata ikiwa imepinda kwenye kidole cha kati.