Mguu Uliotolewa Ushuhuda

…usiutikise, amesema daktari, ushike hapo kwa kidole gumba hadi plasta ikauke, na mimi nimeshika, siutikisi, kidole cha mama yangu kina joto kama sufuria iliyotolewa kwa jiko sasa hivi, na mwenyewe amelala kwa kitanda cha kliniki anaangalia dari, ananiuliza kama nilikunywa chai kabla tutoke Kibera, chai kitu gani, Mama, niulize haya macho nilipewa ya nini, maana huu mguu nimeuosha mimi kila jioni, nimeuona ukifura, nimeuona ukiwa mwekundu, nimeona unyayo ukishuka katikati hadi ukatokeza kama tumbo la samaki, na bado nikasema asifiwe… Daktari Waithaka anazungusha bandeji, anaongea polepole kama landlord wa hapa Kawangware aliyeamua leo hatapiga kelele, anasema sukari imeua neva za mguu, na neva zikifa maumivu hayana njia ya kupita, mfupa mdogo unapasuka na mwenyewe hajui, anaukanyaga, unapasuka mwingine, na neva hizo hizo ndizo zilikuwa zikibana mishipa ya damu, sasa hakuna wa kubana, damu inafurika, mguu unachemka, halafu kuna chembe ndani ya mfupa, kazi yake ni kula mfupa mzee ili zingine zijenge mpya, sote tunazo, lakini uvimbe ukizichokoza zinakula bila kungoja wajenzi, mfupa unalainika, viungo vinaachana, na mtu bado anatembea juu yake… anatembea… nani alimtembeza, Adhis, sema basi, si una mdomo, ile Jumapili ulikuwa nao… hakuna aliyeniita, nilijitoa mwenyewe, nikashika maiki kanisani kwetu Silanga, huko huko Kibera, nikasema mnajua vile mguu wa mama yangu, Mama Akeyo, ulikuwa ukimchoma usiku kucha kama sindano, sasa hauumi, nimeubonyeza mwenyewe hauumi, na una joto, hiyo ni nguvu ya Roho inafanya kazi ndani, makofi yakapigwa, ngoma ikalia, Pasta Opondo akatoa machozi, na mimi nikaketi nikijiona mtu wa maana, kiherehere tu, kiherehere kimenijaa… sukari ilikuwa imemaliza kumchoma kwa sababu imemaliza kuua, ndiyo maana ya kutoumia, na mimi nikaipigia vigelegele… na kanisani kwetu aliyeponywa ndiye hubeba bendera kwa maandamano, kanzu nyeupe, miguu mitupu, ndivyo tunafanya, watu waone mguu ukitembea, basi wakampa Mama bendera, tukatoka Silanga tukapanda hadi Makina, mawe, vigae vya chupa, na mimi nyuma yake naimba, nikaona anachechemea, nikamwambia kanyaga kwa imani, Mama, na sikunong'ona, nilisema watu wasikie… daktari anasema tukibahatika mguu utabaki, plasta ikishika na asikanyage chini kabisa kwa miezi kadhaa, mifupa itagandana vile ilivyo, lakini akikanyaga, ngozi ya chini itoboke, kidonda kifike kwa mfupa, hapo atakata, amelitamka hilo neno kukata mbele yake na Mama hata hakupepesa macho… sasa anamuuliza Mama kama siku hiyo ya maandamano tuliyomtajia hakuona dalili yoyote, na mimi najua atasema hapana, nataka aseme hapana, hapo ndipo nimejificha tangu asubuhi, kwamba mguu ulikuwa umekufa ganzi, hakuna aliyejua, si mimi, si yeye, sema hapana, Mama, tafadhali… anasema nilisikia. Mkono wa daktari umesimama na bandeji hewani, anauliza alisikia nini, kama iliuma.

“Haikuuma,” Mama anasema. “Ilikuwa inasagika huko ndani, kama changarawe kwa kiatu, na sikuwa na kiatu. Hata Makina tulikuwa hatujafika.”

Daktari anauliza mbona basi asikae chini, mbona asimwambie mtu.

“Huyu mtoto alikuwa ameshasimama mbele ya watu akasema nimepona. Ningemwacha aitwe mwongo?”

…hajasema kwa uchungu, Mungu wangu, heri angesema kwa uchungu, amesema tu vile angesema nilimbebea mzigo kwa sababu ulikuwa mzito, kumbe alijua, mguu ulikufa lakini yeye hakufa masikio, alisikia kila hatua na akapandisha wimbo, nakumbuka alivyoupandisha, nikafurahi, nikamwambia Audrey wa kwaya sikia vile Mama ana nguvu leo… na jioni wanakuja, kina mama wa kanisa wameahidi kuja kumwombea, watakuja na ngoma, watamwambia inuka, Mama Akeyo, jaribu hatua moja tu, na atainuka, namjua, kwa sababu yangu atainuka… ananiuliza sasa kama mkono wangu umechoka, nibadilishe, nasema haujachoka, daktari anasema bado kidogo, plasta ni mbichi, sawa, bado kidogo, lakini hao jioni hawapiti, nitakaa mlangoni kwetu niwaambie hajapona, Adhis alidanganya, niiteni mwongo, niiteni kwa sauti wapangaji wa plot nzima wasikie, mama yangu hatasimama…