Raba za Asteria

Fortunata hakumwamini Mwalimu Loth tangu siku alipowagawia raba za mbio yeye na Asteria, jozi mbili zinazofanana rangi na namba. Asteria ni mtoto wa dada yake mwalimu. Sasa niambie wewe, mjomba gani humpa mtu baki sawasawa na mpwa wake, na nafasi kwenye timu ya wilaya ni moja tu?

Mwezi mzima alichunguza. Alikuwa amezoea makatambuga ya matairi, na ulaini wa raba ulimfanya arushe mguu mbele na kutua na kisigino. Wakishuka barabara ya Vudee goti lilimuuma, ilhali Asteria aliteremka kama maji ya mfereji. Fortunata alizikunja raba zake, akazibonyeza, akazinusa. Soli zilikuwa zimelika ukingo wa nje. Basi akaamini kapewa mbovu.

Asubuhi ya mchujo, Asteria alipokwenda chooni na kandambili, Fortunata akabadilisha jozi.

Kilomita mbili za kwanza alicheka kimoyomoyo. Ya tatu akaacha. Raba zilikuwa zimelalia ndani, jinsi Asteria anavyokanyaga, na kila hatua zilimpinda kifundo. Akafupisha hatua, malengelenge yakapasuka. Nyuma yake Asteria naye alichechemea. Jenifer wa Bombo, na raba zake za mtumba alizozizoea miaka miwili, akawapita wote bila hata kugeuka.

Walipofika Same, Mwalimu Loth aliwavua viatu akazitazama soli.

"Fortunata hukanyagia nje, Asteria ndani. Niliwapa zinazofanana, mwezi mzima naangalia mnavyozila soli, ili niwatafutie raba za kuwafaa. Nani kavaa za mwenzake?"

Asteria alitazama vidole vyake vya miguu vinavyovuja damu, akaanza kulia.

"Itakuwa ni mimi, mjomba. Nilitoka chooni mbiombio, nikavaa zilizokuwa karibu." Akamgeukia Fortunata. "Nisamehe, dada. Nimekukosesha timu."

Watu wote wakamtazama Fortunata, wakisubiri atasemaje. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na ukweli ulikuwa pale pale mdomoni.

"Usilie, mdogo wangu," akasema. "Nimekusamehe."