Joto la Chai ya Atuganile

Niliota usiku wa jana kwamba chupa ya chai imeniita jikoni. Ni chupa ambayo sijaifungua tangu mke wangu, Atuganile, alipoijaza chai ya tangawizi, akaenda hospitali na hakurudi. Watu wanasema nimechanganyikiwa. Waseme, chai ni yangu.

“Baba Lusajo,” chupa ikasema, “nimejitahidi, lakini joto linatoka.”

Nikakibana kizibo kwa viganja vyote viwili. Hapo jiko likawa ukumbi wa harusi, na joto likaanza kupenya katikati ya vidole vyangu: watu wadogo wekundu, wamevaa nguo za Jumapili, kila mmoja anatafuta kiti.

Namshika mmoja, bibi mnene.

“Mama, rudi ndani. Nani kawafukuza?”

“Hakuna. Sisi hatujui kutulia, tunahamahama tu bila mpango. Chupani kuna viti kumi, huku nje havihesabiki. Sasa mtu wa kuhamahama atajikuta wapi?”

Nilikuwa nalia.

Kabati la vyombo linasimama, linakohoa, linasoma taarifa: “Chai ina joto sawa na meza. Meza sawa na ukuta. Ukuta sawa na sakafu. Hakuna tena wa kumpa mwenzake. Namna za kuwapanga wageni zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote. Mtawanyiko, ambao wasomi huuita entropia, umefika kileleni. Mkutano umefungwa.”

Vijiko vikapiga makofi.

“Namtaka mke wangu,” nikasema. “Hilo ndilo joto la mwisho aliloliwasha kwa mikono yake. Limepotea?”

“Halijapungua hata chembe,” bibi akasema. “Lote limo humu nyumbani. Ila hutalikuta mahali pamoja.”

“Hamwezi kukusanyika, hata mara moja?”

“Hakuna aliyetukataza. Lakini wengi wetu, kwa bahati tu, kwenye kiti kimoja? Utasubiri sana, baba.”

“Nitasubiri. Atuganile akijiandaa kwenda kanisani, nilikuwa nasubiri asubuhi nzima.”

Bibi akacheka, akaingia ukutani.

Nikaamka. Baridi ya Julai ilikuwa imejaa chumbani, na shuka lilikuwa baridi mpaka miguuni. Lakini kwenye mto wa pili, ule asioulalia mtu, palikuwa na sehemu ndogo yenye joto, ukubwa wa shavu. Nikalaza shavu langu hapo upesi, kabla hapajapoa.