Kabichi za Nani?

Efrazia alikuwa na ubeti mmoja tu, na alitaka mgeni rasmi ausikie kabla hajapanda Landrova yake kurudi wilayani.

Bonde lilikuwa la mama yake. Mkoloni alimtoza mama huyo faini kwa kugoma kulima matuta, mama akapeleka malalamiko, na bonde bado hakuliachia. Ukaja uhuru, ikaja Ujamaa, Efrazia akalitoa mwenyewe kwa moyo mweupe liwe shamba la kijiji. Sasa Hezekia, katibu wa tawi, amejaza humo kabichi zake, na zinateremshwa sokoni Mombo kwa jina lake.

Mdundo wa ubeti wake waliutoa kwenye santuri ya rege ya Hassani, mchuma chai. Upande wa kwanza mtu anaimba. Upande wa pili mdundo mtupu. "Wenyewe huko Jamaika wanauacha hivyo makusudi," alisema Hassani. "Kila mwenye lake moyoni anakuja kulitia." Gitaa la besi hawakuwa nalo, basi Tobia akaupiga kwa tarumbeta kubwa la kwaya ya Kilutheri, bum, bum-bu-bum, vifua vikatetemeka.

Siku ya sherehe, Tobia akipuliza, Efrazia akashika kipaza sauti:

"Bonde nililitoa kwa kijiji,
kabichi hizi ni za nani?"

Hezekia akamnyang'anya. "Huu haumo kwenye ratiba! Kaa chini, mama. Waje akina mama wa Kikatoliki, watuimbie shukrani."

Marta, kiongozi wao, akasimama na wenzake. Tobia hakubadilisha kitu. Marta akaudaka mdundo uleule:

"Tunashukuru, tunashukuru,
ng'ombe wa kijiji wanakamuliwa,
mbona watoto hawayajui maziwa?"

Uwanja ukaangua kicheko. Hezekia akachomoa waya wa kipaza sauti. Hassani akaruka mbele, koo tupu:

"Chai nachuma mimi,
sukari analamba katibu!"

"Zima hilo lidude!" Hezekia akamfokea Tobia. Tobia, mdomo umejaa shaba, akamkodolea macho tu, akazidi kupuliza.

"Mghosi, bwana wee, si umjibu mkubwa wako!" mtu akamtania.

Mgeni rasmi akainua mkono. Mdundo ukashuka, haukuzima. "Yule mama wa kwanza. Hizo kabichi ni za nani?"

Jina la mwenye kabichi Efrazia alikuwa hajathubutu kulitamka. Waliolitamka kabla yake walinyimwa mbolea msimu mzima. Akamtazama Hezekia, Hezekia akamtikisia kichwa taratibu. Hapo ndipo hasira ilipompanda, akaingia kwenye mdundo:

"Za Hezekia!"

"Za Hezekia!" uwanja mzima ukaitikia.

Mgeni akakohoa. "Litashughulikiwa, ndugu zangu."

"Ndugu mgeni," Efrazia akasema, "na mkoloni alituambia hivyohivyo. Mama yangu amekufa anangoja."

Akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya bondeni. Tobia akamfuata akipuliza, watu nyuma yao, wakibaki viongozi na viti vyao. Mgeni hajafungua mlango wa Landrova, kabichi ya kwanza imeshang'olewa.