Asubuhi Nne za Maji ya Chumvi

Mwezi wa pili mwaka huu, zabibu zetu za Hombolo zikikaribia kuiva, utumbo wa mke wangu Zipora ulijisokota. Alianza kulalamikia tumbo siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano jioni alikuwa amelazwa mjini Dodoma, amepasuliwa, amekatwa kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa, na sehemu mbili zilizobaki zimeungwa. Ana umri wa miaka sabini na mbili. Mimi nina sabini na saba, na katika miaka hamsini ya ndoa yetu sikuwahi kumwona amelala mchana isipokuwa siku alizojifungua.

Kwa kuwa tumbo halikuwa tayari kupokea chakula, na mishipa ya mikono yake ilikuwa imechoka kwa kuchomwa, madaktari walipitisha mpira mwembamba shingoni mwake hadi katika mshipa mkubwa unaoelekea moyoni. Kwa njia hiyo alipewa maji, dawa na lishe. Mahali mpira ulipoingilia palifunikwa kwa plasta pana. Muuguzi aliyemhudumia, binti mmoja mfupi aitwaye Ritha, alinieleza siku ya kwanza kwa utaratibu mzuri.

"Babu, mwili wote muosheni mpendavyo. Hapa shingoni msiguse. Pakilowa, pakiwasha, pakibanduka, niite mimi au mwenzangu wa zamu."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, lakini moyoni niliiweka amri ile katika kundi la amri zinazotolewa kwa ajili ya watu wasiojua. Mimi nilisoma shule ya kati ya misheni, ambako bibi muuguzi alitufundisha huduma ya kwanza kila Alhamisi kwa miaka miwili. Tulijifunza kufunga mkono uliovunjika, kumgeuza mgonjwa kitandani pasipo kumuumiza, na kuosha kidonda kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi. Katika mtihani wake nilipata alama tisini na sita. Baadaye, katika shule nilizofundisha, niliosha magoti na visigino vya watoto wasiohesabika, nao walipona.

Jukumu la kumwosha Zipora liliniangukia mimi. Mwana wetu Fabian anakaa Ipagala, na mkewe alikuwa tayari kuja kila siku, lakini Zipora hakukubali kabisa kuvuliwa nguo na mkamwana wake. Alisema ataoga siku atakapotembea. Chumba chake kilikuwa cha vitanda viwili na cha pili kilikuwa kitupu, hivyo msimamizi wa wodi aliniruhusu niingie saa kumi na mbili asubuhi, ndugu wa wagonjwa wanapofunguliwa mlango.

"Unasugua kama unafuta ubao," Zipora aliniambia asubuhi ya kwanza.

"Ubao haukuwahi kunilalamikia."

"Ubao haukuwa na mbavu."

Siku ya nne alianza kujikuna shingoni. Jasho lilikuwa limeinua ukingo wa plasta. Nilichungulia mlangoni, nikaona wauguzi wawili wakihangaika na mgonjwa aliyetoka upasuaji, nikaona si adabu kuwaita kwa ajili ya mwasho. Nilikuwa na maji ya moto katika chupa ya chai. Niliyamimina katika kikombe, nikatia chumvi, nikangoja yapoe kiasi. Nikaibandua plasta taratibu, nikaosha pale kwa leso yangu iliyofuliwa na kupigwa pasi, nikapakausha pale mpira ulipotokea, kisha nikabandika plasta mpya, inayofanana na ile, niliyokuwa nimeinunua dukani. Zipora akashusha pumzi na kufumba macho.

"Hapo," akasema. "Hapo hasa."

Kwa sababu ya neno hilo nilirudia kesho yake, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Zilikuwa asubuhi nne. Kila mara nilikuwa mwangalifu, na kila mara niliona fahari.

Asubuhi ya tano nilimkuta akitetemeka hata kitanda kinalia. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na tisa na nusu. Daktari Anyitike, kijana mrefu mwenye asili ya Tukuyu na mwenye sauti ya chini, alimbadilishia dawa za kuua bakteria, akachukua damu na kuipeleka maabara ili ioteshwe, ionekane kama kuna kijidudu ndani yake. Ritha alibadilisha plasta akaiangalia ngozi kwa muda, akasema panaonekana pasafi. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Sikusema neno, kwa kuwa nilidhani hakuna la kusema.

Homa haikushuka. Siku ya pili Zipora aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Siku ya tatu daktari alikuja mbele ya wenzake wa raundi na karatasi ya maabara mkononi, akaketi kwenye kitanda kitupu ili asizungumze nami akiwa amesimama. Jambo hilo lilinipendeza, nalo lilinitisha.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Daktari."

"Damu ya Mama imeota fangasi."

Nilimwambia kwamba fangasi ninaowafahamu ni wa miguuni na wa mashina ya mizabibu.

"Ni jamaa zao," akasema. "Hawa wanaishi juu ya ngozi na ndani ya matumbo ya watu wazima wenye afya, wala hawadhuru. Mgonjwa akiwa dhaifu, na dawa zetu zikishaua bakteria waliokuwa wakiwabana, wanapata nafasi. Wakiingia katika damu, mambo yanakuwa mazito. Dawa yao ipo, naye ataanza kupewa sasa hivi. Lakini haitoshi kama hatujaziba mlango walioingilia."

"Mlango ni upi?"

"Kuna miwili. Wa kwanza ni mpira wa shingoni. Wa pili ni tumboni, pale utumbo ulipoungwa, kama panavuja. Kwa kawaida mpira tungeuondoa mara moja. Shida ni kwamba lishe na maji yake yote yanapita humo, na mishipa ya mikono imekwisha. Shingoni panaonekana pasafi, na daftari la wauguzi linaonyesha kwamba pametunzwa ipasavyo. Kwa hiyo bingwa wa upasuaji anashuku tumbo. Anataka alifungue tena leo mchana."

"Atastahimili?"

Alimtazama Zipora, kisha akanitazama mimi. "Sitakuficha, Mwalimu. Katika hali hii, matumaini ni madogo. Lakini kama panavuja tukaacha, hakuna matumaini kabisa."

Waliondoka. Nikaushika mkono wa mke wangu, ambao ulikuwa wa moto kama kikaango, na ndipo maneno ya daktari yalipoanza kunifikia moja moja. Daftari la wauguzi linaonyesha. Shingoni panaonekana pasafi. Palikuwa pasafi kwa sababu nilikuwa nimepasafisha.

Ritha alikuja na fomu ya kukubali upasuaji na kalamu. Nikavaa miwani. Sijawahi kutia sahihi karatasi ambayo sijaisoma, na nilisoma ile neno kwa neno. Katika mstari wa nne kutoka chini ndugu wa mgonjwa alithibitisha kwamba amewaeleza madaktari yote anayoyajua kuhusu mgonjwa, kwa ukweli. Nikausoma mara ya pili.

"Siwezi kuitia sahihi hii," nikasema.

"Babu, naelewa unaogopa. Hata mimi nisingependa afunguliwe tena. Lakini daktari..."

"Binti, sijakataa upasuaji. Nimekataa huu mstari, kwa maana si kweli."

Akainama kuusoma nilipoweka kidole. Niliona kwamba hajaelewa, na kwa muda mfupi nilitamani asielewe. Ningeweza kuandika jina langu tu. Zipora angepelekwa ndani, na kama angefia huko, hakuna mtu duniani ambaye angejua isipokuwa mimi. Nikamweleza Ritha. Nilimweleza tangu mwasho hadi leso.

Hakupaza sauti. "Siku ngapi, Babu?"

"Nne."

"Maji gani?"

"Ya chumvi. Yalikuwa yamechemshwa."

"Kwenye nini?"

"Kwenye chupa ya chai."

"Ulinawa mikono?"

"Nilinawa nyumbani, kabla ya kupanda gari."

Akafumba macho kidogo, kama afanyavyo mtu anayesahihisha daftari la mtoto anayempenda. "Nilikuambia, Babu."

"Uliniambia vizuri sana. Kosa si la maelezo."

Akachukua fomu yake, akaenda kwa hatua za haraka. Daktari Anyitike alirudi baada ya dakika chache. Nikasimama, nikarudia maneno yale yale mbele yake na mbele ya bingwa wa upasuaji, mama mmoja mnene aliyenisikiliza huku akiwa amefunga mikono. Walipomaliza kuniuliza walizungumza wenyewe dirishani. Kisha bingwa akasema tumbo litangoja siku mbili. Mpira ukatolewa saa ile ile, na ncha yake ikapelekwa maabara. Ritha alitafuta mshipa mkononi mwa Zipora kwa muda wa nusu saa, akampapasa hadi kwenye kifundo cha mguu, akaukosa mara tatu, akaupata mara ya nne karibu na kidole gumba cha mkono. Dawa ya fangasi ikapita hapo, tone kwa tone.

"Sina hakika kwamba ni wewe, Mwalimu," Daktari Anyitike aliniambia. "Wangeweza kuingia hata kama usingegusa. Lakini umetuonyesha mlango wa kuziba kwanza."

Siku mbili zile niliruhusiwa kukaa kwenye kiti na kutogusa kitu. Siku ya kwanza joto lilibaki pale pale. Bingwa alikuja mara mbili kulibonyeza tumbo, na kila alipolibonyeza nilimtazama usoni nisipate chochote. Siku ya pili alasiri Ritha alipima joto, akakitazama kipimo, akapima tena. Nyuzi thelathini na nane. Jioni zilikuwa thelathini na saba na nusu, na bingwa akasema kwa siku hiyo hatashika kisu.

Kesho yake asubuhi Zipora alinitambua.

"Baba Fabian, mbona umekaa mbali?"

"Nimezuiwa kukugusa."

"Na nani?"

"Na haki," nikasema, na kwa kuwa hilo lilikuwa jibu la kukwepa, nikavuta kiti na kumweleza. Nilisema kwamba nilikatazwa, nikajiona najua kuliko aliyenikataza, na kwamba huenda homa iliyotaka kumuua ilitoka katika leso yangu. Nilisema nimekosa. Nilisema namwomba msamaha.

Akanigeuzia uso.

"Rudia," akasema.

"Nirudie lipi?"

"Hilo la kwamba umekosa. Sikulisikia vizuri."

"Nimekosa, Zipora."

"Miaka hamsini," akasema, akiyatazama mabati ya dari. "Ulipopanda mizabibu kwenye kichuguu, ulisema mchwa ndio waliohamia mahali pasipowahusu. Ulipotupoteza njia ya Kongwa, ulisema barabara imebadilishwa. Nilishakata tamaa. Nilijua nitakufa bila kulisikia."

"Ulikaribia."

Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena bila sauti. Kisha akanyoosha ule mkono usio na sindano. Nikamtazama Ritha aliyekuwa mlangoni na trei yake. Ritha akaelekeza kidevu kwenye chupa ya dawa ya mikono iliyotundikwa ukutani. Nikajipaka, nikasugua hadi vifundoni na katikati ya vidole kama alivyonionyesha, ndipo nikaushika.

"Ulikuwa unajua plasta haitakiwi kuguswa?" nikamwuliza.

"Nilijua. Binti alituambia sote wawili."

"Basi mbona hukunizuia?"

"Ulikuwa unaniosha polepole," akasema. "Hujawahi kufanya kitu polepole tangu nikujue."

Daktari alichukua damu tena, na ilipokaa maabara siku zilizotakiwa haikuota kitu. Ncha ya mpira ilikuwa imeota fangasi wale wale. Mtaalamu wa macho alimmulika Zipora machoni kuhakikisha kwamba fangasi hawakupenya huko, akamkuta salama. Tumbo halikufunguliwa. Tukaelezwa kwamba dawa itaendelea siku kumi na nne, zikihesabiwa tangu siku damu ilipoonekana safi, hata kama mgonjwa atajisikia mzima kabla ya hapo.

"Zabibu zitaoza," Zipora akasema.

"Zioze."

Alasiri hiyo Fabian alinipigia simu kutoka ofisini. Alikuwa amekusudia kuja na barua ya malalamiko juu ya wauguzi, kwa maana haiwezekani, alisema, mtu aingie hospitali na utumbo atoke na fangasi. Alitaka nimpe majina ya waliokuwa zamu.

Zipora alikuwa anasikia. Alinitazama tu, akiwa ameegemea mito miwili, nywele zake nyeupe zikiwa zimesukwa upya na Ritha.

"Fabian," nikasema, "andika jina langu."

Nikamweleza, kwa mara ya nne sasa, na haikuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Akaanza, "Lakini Baba, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba tukikatazwa..." na sauti yake ikapanda, na alikuwa na haki.

Zipora akaichukua simu mkononi mwangu.

"Fabian, mwanangu. Ameshasema. Mimi nimemsamehe, na mgonjwa ni mimi, si wewe. Ichane hiyo barua. Tena ukija jioni mletee baba yako chakula cha maana, hajala ugali tangu Jumapili, na mimi niletee uji mwepesi. Daktari ameruhusu vijiko vitano."