Foleni ya Namba Nne

Siku ya kwanza sajenti aliwakuta saba. Walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kwenye ukingo wa barabara kuu, kando ya nguzo ya chuma iliyoshikwa na kutu, na magari yakiwapita kwa kasi ya kumvua mtu kofia. Sajenti akashuka garini, akapandisha suruali, akauliza wanafanya nini.

"Tunasubiri basi," akajibu mwanamke aliyekuwa mbele, ndoo ya plastiki mkononi.

"Basi gani?"

"Namba nne. La hospitali."

"Namba nne liliondolewa miaka sita iliyopita, mama."

"Ndiyo maana tunasubiri sana."

Nyuma yake fundi viatu alikificha kicheko ndani ya kikohozi. Sajenti akamtazama, akawahesabu watu kwa kidole, akasema wako saba na amri inakataza watu zaidi ya watano kukusanyika mahali pa wazi.

"Isipokuwa msibani, sokoni, na kwenye foleni ya kituo cha basi kilichosajiliwa," mwanamke akamalizia. "Kifungu cha tisa. Piga simu ya upepo uulize kama kituo hiki kimefutwa."

Sajenti akapiga. Akasikiliza kwa muda mrefu, shingo ikimvimba, kisha akapunguza sauti ya redio kama mtu aliyesikia ugonjwa wake mwenyewe ukitajwa. Basi walikuwa wameliondoa. Kituo walikuwa wamesahau kukiondoa.

Mwanamke yule mtaa mzima ulimwita Mama Mashuka, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na tisa akifua mashuka ya hospitali kuu. Kifungu cha tisa alikisoma kwenye gazeti la serikali lililotandikwa kwenye rafu ya sabuni, akilisoma kipande kwa kipande kadiri sabuni ilivyopungua. Alijua mambo mengi kwa njia hiyo. Alijua pia kwamba damu ya aliyepigwa na askari na damu ya aliyelipuliwa na bomu la Wanyoofu hutoka kwa maji yale yale baridi, na kwamba ukitumia ya moto imekwisha, doa linakaa milele.

Rais wao, ambaye watu walimwita Baba Lami wakiwa wamefunga madirisha, alikuwa ameahidi gari kwa kila mwananchi. Wakati wananchi wanangoja magari, akachukua mabasi. Akajenga barabara za njia sita, nane, kumi, bila kivuko, bila ukingo wa waenda kwa miguu, maana katika nchi yake mpya hapakuwa na mtu mwenye miguu. Akasema dini ni giza na lami ni mwanga. Aliwafunga kwanza wahubiri wapole, kwa sababu ndio waliokaa majumbani kwao wakisubiri kukamatwa. Wakabaki wale wakali, wanaojua kukimbia.

Hao ndio Wanyoofu. Walisema watainyoosha nchi kama rula. Mitaa waliyoishika ilikuwa na mabasi madogo mawili yaliyosalia. Wakayachoma yote mawili, kisa ndani yake bega la mwanamume limegusa bega la mwanamke. Kwa hiyo huku mtu hana basi kwa ajili ya maendeleo, na kule hana basi kwa ajili ya uchaji, na kote kote anatembea.

Mama Mashuka alitembea miaka mitano na zaidi, kilomita nane kwenda na nane kurudi, yeye na mdogo wake aliyefua naye mashuka. Wakatembea kwenye ukingo, mmoja mbele mmoja nyuma, hadi asubuhi ile gari jeusi lisilo na namba lilipomgonga yule wa nyuma. Halikusimama. Hata taa za breki hazikuwaka; Mama Mashuka alizitazama. Ndala moja ilipatikana. Ya pili mpaka leo haijulikani iko wapi.

Ndipo akasema hatembei tena kwenye ukingo ule. Atasimama kituoni mpaka basi lije. Miezi ya mwanzo alisimama peke yake. Siku nyingine nesi mwenye gari alimwonea huruma, siku nyingine lori la mchanga, na karibu kila siku alichelewa. Msimamizi wa dobi aliandika barua ya kwanza, akaandika ya pili. Ya tatu ilikuwa fupi: Jumatatu, saa moja kamili, au usije kabisa.

Foleni nayo ilikua. Ikaja ikawa ya watu ishirini, kisha arobaini. Waliokuwa wanatembea waliona afadhali wasimame. Ikawa na desturi zake: jua likichoma, unaacha kitu kushika nafasi yako, unajibanza kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, na hakuna anayekigusa. Nyuma ya ndoo ya Mama Mashuka daima palikuwa na kitu kimoja kimefunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyeuliza ni cha nani.

Ikafika Jumatatu yenyewe, siku ya ishirini na tatu tangu sajenti awakute. Asubuhi hiyo Baba Lami alikuwa anakwenda kufungua daraja jingine la juu, na ng'ambo ya barabara lilikuwa limeegeshwa lori la askari, mitutu ikichungulia kama watoto wa shule kwenye dirisha. Sajenti alikuja amepiga pasi hadi mikunjo ya shati inakata.

"Mama Mashuka, leo nakuomba," akasema. "Msafara unapita hapa. Mkubwa hataki kuona watu wa miguu."

"Hataki kutuona, au hataki tuwepo?"

"Vyote viwili."

"Leteni basi. Atatuona migongo."

Macho ya sajenti yakahamia nyuma ya foleni. Kutoka kwenye uchochoro wa ghala walikuwa wanakuja vijana wanne. Watatu wamebeba pazia refu lililokunjwa. Wa nne, aliyetangulia, alikuwa na bendera iliyosokotwa kwenye mti wake. Mama Mashuka alimjua kwa mwendo kabla hajaiona sura. Alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Siku ya mazishi alilia mpaka sauti ikakauka. Baada ya miezi miwili sauti ikamrudia, lakini haikuwa yake tena.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Hao watu wako hawakulishi?"

"Tumekuja kuwasaidia," akasema kijana, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Foleni hii imemtia aibu dhalimu. Ila haijanyooka. Wanaume wapite mbele. Wanawake warudi nyuma ya pazia. Na bendera tunaisimika hapa, kwenye nguzo."

"Mimi nimefika hapa saa kumi na moja. Aliyefika baada yangu yuko nyuma yangu. Hiyo ndiyo dini ya foleni, haina nyingine."

"Mama mkubwa, usinidharaulishe mbele ya watu."

"Unaliona lori lile? Wana siku ishirini na tatu wanatafuta sababu ya kutupiga risasi. Leo wewe umewaletea, tena umeifunga kwenye mti ili waione vizuri."

Kijana akakaza taya. "Watakaokufa watakufa mashujaa."

"Nani, mimi?" akauliza fundi viatu. "Mimi nina viatu vya watu dukani, bwana. Jozi kumi na moja. Utawarudishia wewe?"

Watu wakacheka, cheko la woga. Ng'ambo askari walikuwa wameuona mti wa bendera, na mmoja wao alikwisha kuruka chini kutoka kwenye lori. Sajenti akaweka mkono kwenye bastola, akapaza sauti: "Tawanyikeni!" Mmoja wa wale vijana naye akapaza: "Tenganeni!" Kwa mara ya kwanza tangu nchi ile ianze kuchanwa vipande, serikali na waasi walikuwa wamekubaliana jambo moja, kwamba foleni ile haifai.

Mama Mashuka alitazama mkono wa sajenti, kisha mti wa bendera. Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa moja. Akainama, akaweka ndoo yake chini mahali alipokuwa amesimama.

"Wekeni vitu," akasema bila kupandisha sauti. "Halafu ukutani, watano watano. Asizidi mtu."

Wakaelewa. Likawekwa kopo la rangi, likawekwa tofali, mwavuli uliovunjika mbavu, jagi, begi la shule, na mguu wa mti ambao fundi viatu huvalishia viatu anavyoshona. Kisha watu wakarudi ukutani, watano hapa, watano pale, kama sheria inavyotaka. Kituoni ikabaki foleni iliyonyooka, ndefu, haina mtu hata mmoja.

Sajenti akaitazama. Akainua kidole kuhesabu, akakishusha.

"Watawanye basi, afande," fundi viatu akamwambia. "Anza na jagi, ndilo lenye kichwa kigumu."

Vijana wa pazia nao walikuwa wamekwama. Mmoja alishika tofali, akageuka huku na huku akitafuta pa kuliweka.

"Hilo ni la kiume," akasema fundi. "Lina sura ya shemeji yangu. Mwavuli sina uhakika, ulizeni wakubwa wenu."

Sasa hata mmoja wa askari ng'ambo alionekana akicheka. Kijana wa bendera peke yake hakucheka. Alikwenda mbele kabisa, penye nguzo, akaisogeza ndoo ya mama yake mkubwa kwa mguu apate pa kuchomeka mti. Kilichokuwa nyuma ya ndoo kilimzuia. Akakifunua kitambaa kwa ncha ya mti.

Ilikuwa ndala moja ya mguu wa kushoto, na mkanda wake umefungwa kwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mitatu. Waya ule aliufunga yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mama yake amesimama kwa mguu mmoja akimharakisha.

Mama Mashuka alikuja akasimama karibu naye. Hakumgusa.

"Mama yako yuko foleni," akasema. "Kila siku namwekea nafasi yake. Kama ni lazima arudi nyuma ya pazia, mrudishe wewe kwa mkono wako. Mimi siwezi."

Kijana akainama nusu. Akabaki hivyo hivyo, hainuki, haishiki ndala. Bendera ilikuwa bado imesokotwa.

Hapo ndipo likasikika. Watu wa ukutani walilijua kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona, ile injini ya zamani inayokohoa mara mbili ikibadilishwa gia. Lilikuwa basi la jiji, limetolewa ghalani likapakwa rangi mpya, ubavuni picha ya Baba Lami akicheka meno yote. Lilikuwa tupu. Usukani ulishikwa na mzee mwenye kofia ya shirika lililokwisha kuvunjwa.

Mama Mashuka akasogea penye nguzo akanyoosha mkono.

Dereva yule alikuwa ameendesha namba nne miaka thelathini. Amri ya asubuhi ile ilimwambia asisimame popote. Lakini aliona nguzo, aliona foleni, aliona mkono, na mguu wake ulikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko ya serikali. Taa za breki zikawaka, zote mbili. Mlango ukafunguka kwa mvumo.

"Nani kakwambia usimame?" sajenti akaja akikimbia.

"Nguzo," akasema dereva, akionyesha namba nne kwa kidevu.

"Unakwenda wapi?"

"Kubeba washangiliaji niwapeleke darajani."

"Unapita hospitali?" akauliza Mama Mashuka.

"Mlangoni kabisa."

"Basi sisi ni washangiliaji mpaka hospitali."

Sajenti alitazama lori, akaitazama ile picha ubavuni. Kumtoboa jino Baba Lami kwa risasi, hata pichani, kulikuwa kosa la kifungo cha maisha, na hilo kila askari alilijua kwa moyo. Akasogea pembeni. Watu wakaja kwa zamu, kila mtu akiokota kitu chake, kopo mbele ya tofali, tofali mbele ya mwavuli, wanaume na wanawake kama walivyofika. Hakuna aliyesukuma.

Mama Mashuka alipanda wa kwanza, mikono mitupu. Ndoo aliiacha.

Alikaa dirishani. Basi lilipoanza kukohoa aliona pazia limelala chini kama shuka chafu, na wale vijana watatu wakimwita mwenzao kutoka uchochoroni. Mwenzao hakugeuka. Alikuwa ameirudisha ndoo mahali pake, ameifunika ndala vizuri, na amesimama nyuma yake, bendera kwapani.

"Na wewe unafanya nini hapo?" sajenti akamuuliza.

"Nasubiri basi," akasema.

Mama Mashuka hakujua akishageuza kisogo kijana ataikunjua bendera au hataikunjua. Hilo lilikuwa lake na mama yake. Yeye alipita ukingo ule kwa mara ya kwanza akiwa amekaa, akaitazama lami mpaka ilipokwisha, na kwenye lango la hospitali akagonga ubavu wa basi kwa kofi, kama zamani, ashushwe. Saa ya ukutani ilionyesha dakika nne kabla ya saa moja. Jioni basi lisipokuja atasimama kituo cha huku, nacho hakijafutwa, ameshaangalia.